Kaka kapasuliwa tezi kupitia puani, sasa anatoa maji ya chumvi. Huu utando wa ubongo una tabaka ngapi?

#1 FundiBati
Habari zenu wakuu. Kaka yangu, miaka 41, alianza kugonga milango. Mbele anaona, pembeni haoni. Ukimjia kwa ubavuni anashtuka. Tukabadilisha miwani mara tatu, hakuna kitu. MRI ndiyo ikaonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo, umepanda juu unabana neva za macho. Akapasuliwa Dar kupitia puani, hata nywele hakunyolewa. Kesho yake akamwona mkewe akiingia mlangoni bila kugeuza shingo. Tulishangilia sana.

Siku ya tano akainama kufunga kamba za viatu, maji yakadondoka pua ya kulia. Mepesi kama ya kunywa, anasema yana chumvi. Sasa hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Daktari wa kwanza: "Utando wa ubongo umevuja." Wa pili: "Kuna tabaka nililikata mwenyewe kwa makusudi, lililovuja ni lingine." Wa tatu: "Pale kuna pazia, na pazia lenyewe lina tundu tangu azaliwe." Mimi ni fundi bati, nikiitwa nyumba inavuja napanda nalitafuta tundu. Hapa kila mtu ana paa lake. Una tabaka ngapi huu utando? Na kwa nini uvuje hapo?

#2 Kisiki Hai
Hayo ni mafua mkuu. Viyoyozi vya wodini vile.

#3 NesiZamuYaUsiku
#2 usimpotoshe mwenzio. Maji mepesi puani baada ya upasuaji wa aina hiyo ni maji ya ubongo mpaka ithibitishwe vinginevyo. FundiBati, kama bado yuko nyumbani mrudisheni hospitali leo hii, msingoje kliniki ya Jumatatu. Njiani kichwa kiwe juu, asipenge kamasi, akitaka kupiga chafya aache mdomo wazi, na choo asijikamue. Akipata homa, shingo ikikaza au akichukia mwanga, hapo ni mbio.

#4 FundiBati
Asante nesi. Karudishwa toka jana, kalazwa kitanda kimeinuliwa. Ndiyo maana nina muda wa kuandika, niko korido.

#5 Dkt_Mkesha
Pole sana mkuu. Madaktari wako watatu wamesema kweli wote, ila kila mmoja kasimama mahali pake.

Tando ni tatu. Nje kabisa ni dura, nene, nyeupe, ngumu kama turubai. Ndani yake araknoidi, nyembamba unapitisha mwanga, na kwa ndani ina nyuzinyuzi kama tandabui. Ya mwisho inaitwa "pia", imegandamana na ubongo wenyewe, inaingia kila bonde na kila kona. Maji yako kati ya araknoidi na hiyo "pia". Kwa wakati mmoja mtu mzima ana kama mililita 150 tu, lakini mwili unatengeneza kama 500 kwa siku, yaani ile chupa ndogo ya dukani. Kwa hiyo likipatikana tundu, usitegemee tangi liishe.

Anayepita puani anatoboa mfupa, kisha anakutana na dura. Anaikata, hana njia nyingine. Hilo ndilo "tabaka nililolikata mwenyewe". Anatoa uvimbe. Juu ya uvimbe kunabaki araknoidi, imening'inia kama mfuko wa plastiki wenye maji. Ikibaki nzima, hakuna linalovuja hata kama dura iko wazi. Ikichanika hata kwa milimita moja, basi.

Na lile pazia: juu ya tezi kuna kipande cha dura kilicholala kama kifuniko cha sufuria, katikati kina tundu la kupitisha shina la tezi. Kwa wengine tundu ni dogo, limembana shina. Kwa wengine ni pana, araknoidi inashuka hadi kwenye shimo la mfupa inamokaa tezi.

#6 Mchinjaji Mstaafu
Nimepasua vichwa vya mbuzi Vingunguti miaka 19, na ninayosema nimeyashika kwa mkono. Juu, ukifungua fuvu, ile ngozi nyeupe unaibandua na kidole. Chini haibanduki! Unavuta, inakatika. Na ukinyanyua ubongo kuna kipunje kama maharage kinabaki kimekwama kwenye mfupa, kimefunikwa na ngozi hiyohiyo. Nadhani ndiyo hiyo tezi. Ubavuni mwake kuna kiwavu cha mishipa midogo midogo kama kipande cha chandarua. Sasa Dokta, huyo mpasuaji anapita vipi kwenye chandarua kile bila kumwaga damu?

#7 Dkt_Mkesha
#6 umenifurahisha mzee wangu. Kipunje ndiyo tezi yenyewe. Lakini wavu ule ni wa mbuzi, kondoo na ng'ombe. Binadamu hana. Usione haya, umeingia shimo moja na Galen, tabibu wa karne ya 2, aliyepasua wanyama kisha akawapa watu wavu huo, na dunia ikamwamini zaidi ya miaka elfu moja. Mpasuaji Berengario da Carpi alianza kutilia shaka miaka ya 1520, na mwanaanatomia Vesalius mwaka 1543 akaandika wazi kwamba kwa binadamu haupo.

Sisi mahali pale tuna mshipa mmoja mnene wa karotidi kila upande wa tezi, umejikunja kama herufi S, umelala ndani ya dimbwi la damu ya vena liitwalo sinasi ya kavenosi. Dimbwi hilo liko katikati ya matabaka ya dura.

#8 Mchinjaji Mstaafu
Kwa hiyo mbuzi katushinda mishipa. Sawa. Kichwa sasa hivi mnanunua bei gani huko mjini?

#9 Kisiki Hai
Mzee kaja kufanya biashara kwenye uzi wa mgonjwa 😂

#10 FundiBati
Dokta subiri hapo. Umesema tando tatu, halafu unasema "matabaka ya dura". Dura nayo ina matabaka?

#11 Dkt_Mkesha
Mawili. La nje ni la mfupa, la ndani ni la ubongo. Sehemu kubwa yameshikana huwezi kuyatenga. Yanapoachana ndipo vena kubwa za kichwa zinapopita, kama bomba kati ya ukuta na plasta. Aliyosema mzee Mchinjaji kuhusu juu na chini ni kweli hata kwetu. Paani dura imeshikana na mfupa kwa wastani. Mtu akipigwa panja, mshipa ukipasuka, damu inaibandua na kujaa kati ya mfupa na dura. Kwa wazee imegandamana zaidi, ndiyo maana damu ya namna hiyo kwao ni nadra. Sakafuni imeng'ang'ania kila tundu la neva, hasa pale juu ya pua kwenye mfupa wenye matundu kama chujio, zinapopita neva za kunusa. Mfupa wa sakafu ukivunjika, dura inachanika nao.

#12 FundiBati
Hapo nimekupata kabisa. Bati lililopigwa misumari ya kutosha halipeperuki, lakini nyumba ikitikisika linachanika palepale penye msumari. Lililolegea linafura tu.

#13 Kiptum wa Eldy
Hiyo ya msumari ndio yangu. Nilianguka na boda 2016 bila helmeti, wacha nikubali makosa. Macho yakakuwa meusi mawili kama ya panda, na maji puani siku sita. Nililazwa tu, kitanda kikainuliwa, yakakauka yenyewe bila kisu. Lakini kunusa kuliisha siku ile mpaka wa leo. Bibi anaweza chomesha ugali na mimi niko hapo mezani. Kwa hivyo FundiBati usiharakishe watu wa kisu, hata ya brother itakauka.

#14 NesiZamuYaUsiku
#13 pole, ila usilinganishe. Yanayotokana na ajali mengi hukauka yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Ya baada ya upasuaji, palipotobolewa mfupa makusudi, ni habari nyingine. Na wewe mwenyewe, kukauka si kupona. Kovu pale linaweza kuwa jembamba, bakteria wa puani wakapita hata miaka mingi baadaye. Ulishachanjwa chanjo ya bakteria hao, nimokoka?

#15 Kiptum wa Eldy
Nimo nani?

#16 NesiZamuYaUsiku
Nenda kaulize kesho. Siandiki zaidi.

#17 Mwalimu Bayo
Nimesoma kimya, ila Nesi kanigusa. Ugonjwa huo wa bakteria kushambulia hizi tando sisi tunauita "homa ya uti wa mgongo", na nusu ya watu wanadhani ni ugonjwa wa mgongo. Nadhani jina limekuja kwa sababu kipimo kinachukuliwa mgongoni. Tando zinashuka kutoka kichwani hadi chini ya kiuno, maji ni yaleyale. Tungeuita homa ya utando wa ubongo, huyu fundi asingeshangaa leo kwamba tundu la puani linaleta "homa ya mgongo".

#18 Binti Ruwi
Salaam kutoka Maskati. Mwalimu kaja kwenye majina, nami sina budi. Kwa Kiarabu dura ni *al-umm al-jafiya*, mama mgumu, mkavu wa moyo. Wa ndani kabisa ni *al-umm al-hanun*, mama mwenye huruma. Wa kati ni *al-ankabutiya*, wa buibui, kama ile sura ya Ankabut. Kwa Kiarabu ukitaka kusema kitu kimekibeba kingine unakiita mama yake.

Walatini wameyachukua hapo. Ali ibn al-Abbas al-Majusi aliandika kitabu chake cha tiba karne ya 10, Stephen wa Antiokia akakifasiri mwaka 1127, ndipo zikaja "dura mater" na "pia mater". Na alikosea kidogo! Kwa al-Majusi mama wa pili alikuwa *raqiqa*, mwembamba, laini. Mfasiri akaandika "pia", mcha Mungu. Karibu miaka mia tisa dunia nzima inasoma kosa hilo.

#19 Kisiki Hai
Kwa hiyo kichwani kuna mama mkwe nje, mama mzazi ndani, na buibui katikati. Ndiyo maana kichwa kinauma.

#20 Binti Ruwi
😂😂 Na huyo wa nje ndiye anayeuma kweli. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu.

#21 Dkt_Mkesha
#20 sahihi. Dura ina neva zake, nyingi ni matawi ya neva ya tano, ile inayoleta hisia za uso. Sehemu ya nyuma inapata za shingo ya juu. Ndiyo sababu jambo la ndani ya fuvu linaweza kuuma nyuma ya jicho au kisogoni. FundiBati, kaka akisimama kichwa kinauma, akilala kinapoa?

#22 FundiBati
Ndiyo! Hasa asubuhi akienda kuoga.

#23 Dkt_Mkesha
Waambie hilo, kama hawajaandika. Maji yakipungua, ubongo unakosa pa kuelea, unashuka na kuvuta tando.

#24 Fundi Maabara wa Bonde
Wekeni kwanza ushahidi. Chukueni kijiti cha kupimia sukari, tone moja tu. Maji ya ubongo yana sukari kama theluthi mbili ya ile ya damu. Kamasi haina. Kesi imekwisha.

#25 NesiZamuYaUsiku
Haijakwisha. Machozi yanashuka puani na yana sukari, mgonjwa wa kisukari kamasi yake ina sukari, tone la damu nalo lina sukari. Kijiti kitakudanganya pande zote mbili. Na ile ya kudondosha kwenye shuka kutafuta duara lenye doa katikati nayo haitoshi. Kipimo cha kuaminika ni cha protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo kwenye kamasi na machozi haimo. Si kila maabara wanacho, sampuli inaweza kusafirishwa.

#26 Fundi Maabara wa Bonde
Nakubali nusu. Kijiti kikisema hakuna sukari kabisa, bado kina maana.

#27 Mkufunzi wa Mifupa
Nafundisha anatomia, nina ugomvi kidogo na #5 na #11. Dkt_Mkesha kaeleza vizuri, ila kanyoosha mno. Pale tezi ilipo hatukubaliani hata leo. Mbele na chini ya tezi dura ni matabaka mawili, na katikati yake zinapita vena ndogo zinazounganisha sinasi ya kulia na ya kushoto. Ukikata hapo damu inakuja. Lakini ubavuni, kati ya tezi na sinasi, kuna ukuta mmoja mwembamba sana. Wapo wasemao ni tabaka la ndani la dura limeendelea. Wapo wasemao hakuna dura hapo kabisa, ni gamba la tezi yenyewe. Nimepasua maiti na wanafunzi, vichwa viwili vya meza moja vilinipa majibu mawili.

Na si ubishi wa darasani. Uvimbe unaotoa homoni hupenda kupenya ukuta huo. Tangu 2019 hivi kumeandikwa sana kuhusu kuuondoa ukuta wenyewe ili asibaki mdudu. Nyuma yake kuna karotidi, na neva ya sita inayogeuza jicho kwa nje.

#28 Dkt_Mkesha
Mkufunzi naungama. Nilimwandikia fundi bati, si bodi ya mtihani.

#29 Mkufunzi wa Mifupa
Fundi bati ndiye aliyeuliza "ngapi hasa". Basi aongeze: Januari 2023 watafiti wa Copenhagen na Rochester walichapisha kwamba kuna utando wa nne, ndani ya nafasi ya maji, unaoigawa mara mbili. Wanaanatomia wengine wakajibu papo hapo kwamba huo ni tabaka la araknoidi iliyojulikana zamani. Na ile "nafasi chini ya dura" tuliyokariri shuleni, tangu miaka ya 1990 wengi wanasema kwa mtu mzima haipo: dura na araknoidi zimeshikana kwa seli dhaifu, damu ikiingia inazipasua na kujitengenezea nafasi.

#30 FundiBati
Kwa hiyo ni mbili, tatu, nne au tano kutegemea nani kashika kisu. Haya.

Habari mpya: wamesema wanarudi ndani kesho kuziba. Watatoa mafuta tumboni, na kipande cha nyama ya pua. Mama hataki. Kilichomfanya akatae si pua, ni kwamba wametaja mrija mgongoni. Jirani yetu Kilosa alitolewa maji mgongoni akafa wiki hiyohiyo.

#31 NesiZamuYaUsiku
Mwambie mama, shikamoo yangu, jirani aliuawa na ugonjwa uliofanya atolewe maji. Ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo wa mtu mzima unaishia kama pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sindano inaingia chini ya hapo, kwenye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Nimeshika mikono ya wagonjwa wengi kwenye kipimo hicho, kila mara kuna mama nje ya mlango anasoma dua.

#32 Dkt_Mkesha
Hiyo nyama ya pua ina historia nzuri. Ni ngozi laini ya ukuta wa katikati ya pua, inachunwa ikiachwa na mshipa wake wa damu, kisha inageuzwa kufunika tundu. Waliotangulia ni madaktari Hadad na Bassagasteguy wa Rosario, Argentina, ikachapishwa 2006. Kabla ya hapo, kwenye matundu makubwa, zaidi ya 20 kati ya 100 walivuja tena. Sasa ni kama 5, kwenye mikono iliyozoea. Kiraka chenye damu yake kinaota, kisicho na damu kinangojea bahati.

#33 FundiBati
Yaani kiraka kisichokatwa kwenye bati mama. Nimependa.

#34 Msimamizi wa Thieta
Mrija wa mgongoni sisi kwetu tumegawanyika. Utafiti wa Pittsburgh wa 2019, wagonjwa 170 waliogawanywa kwa kura: wenye mrija walivuja kama 8 kwa 100, wasio nao 21. Lakini wale walikuwa wenye tundu kubwa, maji yanatiririka. Kwa kitundu cha tezi mabosi wetu wengine hawaweki, wanasema mrija ukitoa maji mengi unaleta matatizo yake. Mwingine anaweka kila mtu. Wote wana wagonjwa waliopona.

#35 Kisiki Hai
Swali langu la kweli sasa, sitanii. Kwa nini avuje siku ya tano na si ya kwanza?

#36 Msimamizi wa Thieta
Tampu ya puani, ile pamba ya kuziba, ikitolewa, kilichokuwa kimeshikizwa kinalegea.

#37 NesiZamuYaUsiku
Mimi nasema choo. Dawa za maumivu zinafunga tumbo, mtu anajikamua siku ya nne, ya tano kiraka kinaruka.

#38 Mkufunzi wa Mifupa
Au presha ya maji kichwani ilikuwa juu tangu awali. Uvimbe ukitoka na tundu likabaki, maji yanapata pa kwenda. Wapo wanaovuja puani bila ajali wala upasuaji kwa sababu hiyo, wengi wao akina mama wanene wa umri wa kati. Ukiziba tundu bila kushusha presha, linafunguka jirani.

#39 Kiptum wa Eldy
Au fundi alikuwa na haraka ya kwenda home.

#40 Dkt_Mkesha
#39 hata fundi asiye na haraka anavuja. Araknoidi ya mwingine iko kama karatasi ya sigara.

#41 Mtu wa Tanga
Samahani kuingilia. Huyu kaka kama ni Muislamu, udhu je? Kupandisha maji puani si ndiyo kuyapeleka pale pale?

#42 FundiBati
Ni Muislamu, na jana alitaka kutawadha nikamzuia bila kujua kama nakosea.

#43 Binti Ruwi
Hukukosea. Kwa Shafii kupandisha maji puani ni sunna, udhu bila hiyo unasihi. Kwa Hanbali ni wajibu, lakini mgonjwa ana udhuru. Na sijda nayo aiache, aswali ameketi, ainamishe kichwa kidogo tu. Kama kuinama kufunga viatu kulimtoa maji, sijda itamtoa zaidi. Amuulize shekhe wake na daktari wake, wasikilizane.

#44 FundiBati
Mama kasikia neno shekhe, kakubali mpaka mrija. Nilikuwa nahangaika toka asubuhi na takwimu zenu.

(siku nne baadaye)

#45 FundiBati
Wakuu, aliingia thieta saa tatu asubuhi katoka saa saba. Mpasuaji kasema tundu lilikuwa la araknoidi, dogo, nyuma kushoto. Nikamuuliza mbona maji yalitoka pua ya kulia? Akacheka, kasema maji hayafuati ramani. Nami najua: bati linatoboka chumbani, ndoo unaweka sebuleni. Mrija umetolewa leo. Kichwa hakiumi akisimama.

Ila asubuhi kulikuwa na tone moja. Moja tu, kwenye mto.

#46 Fundi Maabara wa Bonde
Kijiti!

#47 NesiZamuYaUsiku
Huenda ni maji ya chumvi wanayomsafishia pua. Huenda ni chozi. Mwambie aketi, ainamishe kichwa mbele kidogo mbele ya muuguzi, waone.

#48 Mkufunzi wa Mifupa
Au presha, kama nilivyosema #38.

#49 FundiBati
Kaketi, kainamisha, dakika nzima. Halikuja la pili. Wamelichukua lile la kwenye mto kwa pamba hata hivyo, wanasema halitoshi kwa kipimo. Muuguzi kampa kichupa akae nacho kifuani, likija lingine alikinge.

#50 Mchinjaji Mstaafu
Mungu ampe afya. Akipona nipigie simu, kichwa cha supu nitakuwekea bure, ubongo ndani.